Kuondoa Kizigeu si Kubomoa Ukuta: Uhakiki wa Istilahi za Kompyuta ya Mifumo Miwili

Utangulizi

Hivi karibuni tuliletewa mwongozo wa Kiswahili, wa kurasa chache, ili tuzikague istilahi zake kabla haujapigwa chapa mara ya pili. Mwongozo huo wafundisha namna ya kupandisha toleo la mfumo endeshi katika kompyuta yenye mifumo miwili, yaani Windows na Linux zikaazo katika diski moja. Jina la mfasiri wake na la ofisi iliyoutoa hatutayataja, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si ya mfasiri huyo peke yake. Mengi ameyaokota katika orodha za istilahi zilizokwisha kuenea, na baadhi ya orodha hizo zimepita mikononi mwa watu wa kazi yetu.

Haja ya mwongozo wa namna hii ni dhahiri. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa Oktoba, 2021, hudai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na kompyuta nyingi za zamani hazinacho. Kwa hiyo wako walimu na watumishi wa ofisi walioamua kuiacha Windows mahali pake kwa ajili ya kazi chache zisizokubali mfumo mwingine, wakaiweka Linux kando yake kwa kazi za kila siku. Watu hao si mafundi. Siku ya kupandisha toleo inapowadia, tegemeo lao ni maneno yaliyomo katika karatasi iliyo mbele yao.

Mmoja wao, mwalimu wa sekondari, aliufuata mwongozo huu neno kwa neno. Ulipomwambia "futa kizigeu cha zamani ili upate nafasi", alifuta. Alama za wanafunzi wake za miaka mitatu zilipotea, na hakuwa na nakala nyingine. Alipotuandikia hakuilalamikia mashine. Aliuliza swali la lugha: je, mtu akiondoa kizigeu, vitu vilivyomo chumbani huenda wapi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kizigeu na chumba

Katika Kiswahili cha kawaida, kizigeu ni kiambaza kinachokigawa chumba kimoja kuwa viwili. Mfasiri wa kwanza aliyelitwaa neno hili kwa matumizi ya kompyuta alikuwa na neno la Kiingereza lenye maana mbili: kile kigawanyacho, na ile sehemu iliyopatikana baada ya kugawanya. Kamusi ilimpa maana ya kwanza, naye akaichukua. Kompyuta ilihitaji maana ya pili, kwa kuwa katika diski kinachotajwa si mpaka, bali ni eneo lililo ndani ya mipaka pamoja na kila kilichohifadhiwa humo.

Tofauti hii si ubishi wa wasomi. Nyumbani, ukiondoa kizigeu, vyumba viwili huwa kimoja, na kitanda na kabati hubaki vilipokuwa. Hivyo ndivyo alivyofahamu mwalimu yule, naye alikifahamu Kiswahili sawasawa. Katika diski, kukiondoa kiitwacho kizigeu ni kulifuta eneo zima katika orodha ya maeneo ya diski, hata mfumo usiweze tena kuvifikia vilivyomo. Ni kweli kwamba maandishi yenyewe huweza kubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake, na fundi aliyewahi mapema huweza kuokoa baadhi. Lakini hatua iliyofuata katika mwongozo iliamuru mfumo mpya usakinishwe papo hapo, katika nafasi ile ile.

Sisi twapendekeza "chumba cha diski". Ni neno ambalo hata mtoto analijua, nalo lafuata picha ile ile ya nyumba bila ya kuipotosha. Mtu akiambiwa "ondoa chumba", atasita na kuuliza kuhusu vilivyomo, na kusita huko ndiko tukutakako.

Kusafisha

Mwongozo watumia kitenzi "safisha diski" mara mbili. Mara ya kwanza wamaanisha kuondoa mafaili ya muda yasiyohitajiwa, ili pawe na nafasi ya kutosha kwa toleo jipya. Mara ya pili wamaanisha kukiandaa chumba cha diski upya, kazi ambayo huviacha vyote vilivyokuwamo vimepotea. Msomaji aliyefanya ya kwanza bila ya madhara ataifanya ya pili kwa moyo huo huo.

Hapa hatuwezi kumlaumu mfasiri peke yake, maana mtego huu umo katika lugha ya asili pia. Windows ina chombo cha kuondoa takataka za mafaili, ambacho hakina hatari kubwa. Tena ina programu iitwayo diskpart, ambamo amri ya kusafisha huufuta mpangilio wote wa vyumba vya diski iliyochaguliwa. Kazi mbili zilizo mbali hivyo zimepewa majina ya ukoo mmoja. Lakini mfasiri hakuapa kuurithi kila udhaifu wa matini ya asili. Kazi ya kwanza na iitwe "kupunguza mafaili". Ya pili na iitwe "kuumbiza chumba", na pale itajwapo kwa mara ya kwanza katika kila mwongozo iandamane na maneno "vilivyomo vitapotea", kwa sababu kitenzi kilichoundwa kutokana na "umbo" hakimwonyi mtu asiyekijua. Ya tatu na iitwe kwa jina lake lisilofichika: "kufuta diski nzima".

Kuboresha

Kitenzi "boresha" kimefanyishwa kazi kupita kiasi. Katika mwongozo huu kimebeba mambo matatu:

(a) kutia masahihisho madogo ya mfumo uliopo, toleo likibaki lile lile;
(b) kutoka katika toleo moja na kuingia katika toleo linalofuata, mafaili ya mtumiaji yakibaki;
(c) kuweka mfumo mpya kabisa, kwa kutumia flashi yenye programu ya kusakinisha.

Tuchukue mfano wa Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya ukoo wa Linux. Jina lake limetokana na neno la lugha za Kinguni lililo ndugu wa "utu" wetu. Namba za matoleo yake si desimali, ingawa wengi huzisoma hivyo: toleo la kwanza, 4.10, lilitoka Oktoba, 2004, na toleo la 24.04 lilitoka Aprili, 2024. Mtu aliye na 22.04 akipokea masahihisho ya wiki, amefanya (a). Akiiagiza kompyuta imhamishe kutoka 22.04 hadi 24.04, amefanya (b). Akiiwasha kompyuta kwa flashi, huulizwa kama ataka kuusakinisha mfumo kando ya ule uliopo, au aifute diski na kusakinisha. Hiyo ni (c), na katika majibu yake mawili moja huiondoa Windows na kila kilichomo. Mwongozo umeyaita yote haya "kuboresha", na majibu hayo mawili haukuyatenganisha hata kwa sentensi moja.

Maneno ya kutenganishia tunayo. La kwanza liwe "kusasisha", lililozaliwa na "sasa" na kukwisha kukubalika. La pili liwe "kupandisha toleo". La tatu liwe "kusakinisha upya". Kuhusu neno hili la mwisho twaongeza jambo moja. Mwongozo unaandika "sakinisha" katika ukurasa mmoja na "sanikisha" katika mwingine, kana kwamba ni kazi mbili. Sakinisha lina mzizi unaojulikana, ule wa kukaa, ambao twausikia pia katika "maskani". Kwa hiyo kuusakinisha mfumo ni kuupa makazi. Sanikisha halina mzizi wowote tuujuao. Ni sakinisha lililogeuzwa silabi na kuenea kwa kunakiliwa. Twashauri liachwe.

Isidhaniwe kwamba kwa kuyatenganisha maneno tumeitenga hatari yote katika neno moja. Agosti, 2024, sasisho la usalama la Windows liliwazuia baadhi ya wenye kompyuta za mifumo miwili kuingia katika Linux, kwa kuwa lilikiwekea alama ya kukataliwa kianzishi chao cha zamani. Ujumbe uliotokea kwenye kioo ulisema, kwa Kiingereza, kwamba sera ya usalama imekiukwa. Mtumishi wa serikali akiusoma ujumbe kama huo atawaza kanuni za utumishi, wala hatadhani kwamba mashine imekataa programu moja ndogo. Kwa hiyo hata kusasisha kwahitaji tahadhari. Tofauti ni ya kiasi, na ni lazima msomaji aambiwe yuko katika kiasi gani.

Buti, kipakiaji na zamu

Kompyuta ya namna hii mwongozo umeiita "kompyuta ya buti mbili", na programu iyaletayo machaguo wakati wa kuwasha umeiita "kipakiaji cha buti". Kwa Mswahili, buti mbili ni jozi ya viatu, na kipakiaji cha buti ni kitu kinachotia mizigo nyuma ya gari. Wengine wamependekeza "uwashaji maradufu", lakini hilo ladokeza kwamba kompyuta huwashwa mara mbili, au kwamba mifumo yote miwili hufanya kazi pamoja. Sivyo ilivyo. Mifumo hukaa pamoja katika diski, lakini wakati wowote mmoja tu ndio utawalao mashine, na mwingine umelala.

Neno la jambo hilo tunalo tangu zamani, nalo ni zamu. Walinzi wawili wa lindo moja hawashiki bunduki pamoja; mmoja huingia mwingine akitoka. Twapendekeza "mifumo ya zamu" kuwa istilahi, na "kompyuta ya mifumo miwili" kuwa maelezo ya kawaida. Ile programu iulizayo ni zamu ya nani, na iitwe "kianzishi". Katika mifumo mingi ya Linux kianzishi hicho huitwa GRUB, nacho hukaa katika chumba kidogo cha diski kisomwacho na UEFI, programu ya msingi iliyomo katika ubao mkuu wa kompyuta.

Ulegevu wa maneno hapa waweza kumtia mtu hasara. Tangu toleo la 2.06, lililotoka mwaka 2021, mpangilio wa kawaida wa GRUB hauitafuti mifumo mingine iliyomo katika diski mpaka uagizwe. Kwa sababu hiyo, baada ya kupandisha toleo huenda jina la Windows lisionekane katika orodha. Mwongozo unaiita hali hiyo "Windows imefutika", na kumshauri msomaji aisakinishe upya. Ushauri huo ndio uletao maafa, ilhali hali yenyewe haikuwa na maafa yoyote. Windows imo chumbani mwake. Kianzishi tu hakikulitaja jina lake. Kutoonekana ni kitu kimoja, kufutika ni kitu kingine.

Kuzima kusikozima

Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, mfumo huo una utaratibu wa kuwaka upesi. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuzima, kiini cha mfumo hakizimwi kwa ukamilifu; hali yake huandikwa katika diski ili siku ya pili ianzie hapo. Kwa kompyuta ya mfumo mmoja hilo halina neno. Kwa mifumo ya zamu, Linux ikiandika katika chumba cha Windows wakati hali hiyo imehifadhiwa, mafaili yaweza kuharibika. Ajabu ni kwamba katika Windows hiyo, kuwasha upya huuzima mfumo kwa ukamilifu zaidi kuliko kuzima.

Mwongozo umeandika "zima kompyuta" tu. Mwenye kuandika kwa Kiswahili ana maneno matatu ya kuchagua: kulaza, kuzima, na kuzima kabisa. Kusinzia kwa mashine kusiitwe kuzimika. Palipo na utaratibu huo, mwongozo umwambie msomaji kwanza auondoe, kisha azime kabisa.

Nakala na ufunguo

Istilahi "nakala rudufu" yasema kwamba kitu kimekuwa viwili. Haisemi kiko wapi. Msomaji aliyeweka nakala rudufu katika chumba kingine cha diski ile ile amelitii neno, na diski ikiharibika hupoteza zote mbili. Baadhi ya wenzetu hupenda "chelezo", neno la pwani litajalo kitu kieleacho majini. Picha yake ni nzuri, kwani boya la kumwokoa mtu halifungiwi ndani ya ngama. Lakini bara wengi hawalijui. Twaonelea "nakala ya akiba" ifae zaidi kwa miongozo ya umma, kwa sharti moja: ifafanuliwe kuwa ni nakala iliyo nje ya kompyuta, na iliyofunguliwa ikaonekana kuwa yafunguka.

Kadhalika, Windows ikiwa imeifunga diski kwa BitLocker, badiliko la kianzishi laweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Mwongozo umeuita "ufunguo wa kurejesha", na msomaji akaelewa kwamba ni wa kurudisha toleo la zamani, hakuuandika popote. Uitwe "ufunguo wa uokozi".

Pingamizi la mafundi

Mafundi wa mjini watatuambia kwamba juhudi zote hizi ni za bure: wao husema patisheni, fomati na apugredi, na kazi yaenda. Pingamizi hili lastahili jibu la haki, na sehemu ya jibu letu ni kukiri. Mwongozo ungaliandika "patisheni", mwalimu yule angalisita, kwa kuwa asingalilijua neno; angaliuliza, na alama zake zingalikuwapo leo. Neno geni humfanya msomaji aulize. Neno la nyumbani lililotwishwa maana isiyo yake humfanya aendelee kwa imani.

Basi kwa maoni yetu, katika kazi ambayo hatua yake moja hairudishiki, istilahi isipimwe kwanza kwa uzuri wala kwa ukale wa mzizi wake. Ipimwe kwa swali hili: je, mtu ajuaye Kiswahili lakini asiyejua mashine, akilifuata neno hili kwa maana yake ya kila siku, atafanya jambo gani? Kizigeu laanguka katika kipimo hicho, na buti laanguka vile vile, ingawa moja ni la kwetu na jingine la kukopa. Chumba, zamu na akiba yapita. Na palipokosekana neno la kwetu lipitalo, tukope bila ya aibu, kama tulivyokopa diski, faili na programu.

Mfano wa maelekezo

Kwa kuwa si vema kubomoa bila ya kujenga, twatoa hapa maelekezo ya kupandisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04 katika kompyuta ya mifumo miwili, kwa istilahi tulizozitetea:

1. Weka nakala ya akiba ya mafaili yako yote katika diski ya nje. Fungua mafaili machache humo uhakikishe, kisha ichomoe.
2. Ikiwa Windows imeifunga diski, andika ufunguo wa uokozi katika karatasi.
3. Ukiwa katika Windows, ondoa utaratibu wa kuwaka upesi, kisha zima kabisa.
4. Tayarisha flashi ya Ubuntu. Hii ni ya kuokolea tu, usiitumie kusakinisha.
5. Washa kompyuta, chagua zamu ya Ubuntu, na uhakikishe kwamba diski ina nafasi. Ikibidi, punguza mafaili. Usiondoe wala usiumbize chumba chochote.
6. Kompyuta ya mkononi iunganishe na umeme, betri ikiwa imejaa, ili umeme ukikatika kazi isikatike.
7. Sasisha toleo la 22.04 mpaka pasibaki sasisho, kisha washa upya.
8. Pandisha toleo kwa kutumia chombo cha Ubuntu yenyewe. Usizime mpaka kiseme kimemaliza.
9. Windows isipoonekana katika orodha ya kianzishi, usisakinishe kitu. Agiza kianzishi kiitafute mifumo mingine, au chagua Windows katika orodha ya UEFI.

Maelekezo haya si marefu kuliko yale ya mwongozo wa kwanza. Tofauti ni kwamba hapa kila kitenzi kina kazi moja.

Hitimisho

Twashauri orodha ya istilahi za namna hii isipitishwe mezani tu. Watafutwe walimu wawili watatu na makarani, wapewe maelekezo na kompyuta isiyo na kitu cha thamani, nasi tukae kando tukitazama mikono yao bila ya kusema neno. Pale mkono utakapokosea, tulikague neno kabla ya kumkagua mtu.

Mwalimu yule tulimjibu kwamba alilisoma neno sawasawa, na kwamba waliolipa kazi isiyo yake ni watu wa fani yetu. Ametuandikia tena kuomba orodha iliyosahihishwa, maana bado ana kompyuta ile, na mwaka huu ana wanafunzi wapya.